Uzi maalum: Kazi ya saluni na kufungua chuo cha urembo. Vipimo, gharama, na makosa yanayoharibu nywele na biashara

#1 MkasiNaKitana

Wakuu, salaam. Maswali ya namna ya kuanza kazi ya saluni na namna ya kufungua chuo cha urembo ni mengi humu, majibu yametawanyika. Tuyakusanye hapa, na kila anayejibu aje na vipimo.

Naanza na msimamo wangu ili anayejua zaidi anipinge. Chuo cha urembo kinauza kitu kimoja: saa ambazo mwanafunzi ameshika kichwa cha mtu huku mwalimu amesimama pembeni. Cheti, sare na picha za mahafali ni vya baadaye. Mwanafunzi aliyepaka dawa vichwa 3 kwa miezi 6 hajui kupaka dawa, hata kama daftari lake limejaa. Mimi naona vichwa 15 vya nywele tofauti ndio uchache wake kabla hajaachiwa mteja peke yake.

Natolea mfano dawa ya kulainisha kwa sababu ndiyo huduma inayoumiza haraka kuliko zote. Dawa hizi zina pH kati ya 12 na 14, wakati nywele na ngozi ya kichwa zimetulia kwenye 4.5 hadi 5.5. Ndani ya unywele kuna viungo vya salfa vinavyoushikilia ujikunje. Dawa inavivunja na kuviunga upya kwa namna nyingine, na hakuna kurudi nyuma. Nywele zilizokwisha kulainishwa hazihitaji dawa tena maisha yao yote. Zinazohitaji ni zile mpya zilizoota chini.

Kazi yenyewe iko hivi. Mteja asioshe wala kukuna kichwa kwa siku 3 kabla. Kagua ngozi kwa kutenganisha nywele mstari kwa mstari. Ukiona kidonda, kipele kilichopasuka au alama mbichi za kusuka, mrudishe nyumbani wiki mbili. Paka Vaseline kwenye paji, masikio, kisogo na kwenye mistari ya ngozi. Gawa kichwa sehemu 4. Vaa glavu. Anza sehemu yenye nywele ngumu, mara nyingi katikati nyuma, malizia pembeni mwa uso ambako nywele ni laini. Weka dawa ukiacha nusu sentimita kutoka kwenye ngozi, kwenye nywele mpya tu; itashuka yenyewe ikipata joto la kichwa. Saa inaanza kuhesabu pale brashi inapogusa kichwa mara ya kwanza, haingoji umalize kupaka. Hapo ndipo wengi wanapokosea: mtu anatumia dakika 12 kupaka, kisha anasubiri 15 nyingine "za kwenye kopo".

Kuritachi, yaani kupaka dawa nywele mpya zilizoota, ni kila wiki 8 hadi 12. Mwenye kuja kila baada ya wiki 4 anapakwa dawa juu ya dawa, na nywele zake zitakatikia palepale mpaka wa nywele mpya na za zamani unapokutana.

#2 Nasra_Tanga

Asante mkuu. Swali: zile dawa za kuchanganya zilizoandikwa kwamba hazina magadi makali, ni salama zaidi kwa mwanafunzi anayeanza? Na je, povu la shampuu likiwa la pinki maana yake nini hasa?

#3 MkasiNaKitana

Dada Nasra, kuna aina mbili kubwa. Ya kopo moja ina sodiamu haidroksaidi, ndiyo hayo magadi makali. Ya kuchanganya ina krimu ya kalsiamu haidroksaidi na chupa ya maji ya gwanidini kaboneti. Vikikutana ndipo nguvu inapozaliwa. Ya pili huwasha kidogo kuliko ya kwanza, lakini haimaanishi haiunguzi. Pia inaacha chokaa ya kalsiamu kwenye nywele, ndiyo maana baada ya ritachi kadhaa zinakuwa kavu na hazing'ai hata ukizipaka mafuta. Dawa yake ni shampuu ya kuondoa madini, mara moja kwa mwezi inatosha.

Ukishachanganya, tumia palepale, kinachobaki mwaga. Mchanganyiko wa jana haueleweki nguvu yake. Na usichanganye nusu kwa jicho: chupa ya maji imepimwa kwa kopo lake zima. Ukitaka nusu, weka vyote kwenye mizani ya jikoni.

Povu la pinki ni kipimo cha rangi kilichomo ndani ya shampuu ya kumalizia. Likiwa pinki, dawa bado iko kichwani na bado inafanya kazi. Suuza kwanza kwa maji ya uvuguvugu yenye msukumo, dakika 5 kamili, ndipo uje na shampuu. Rudia mpaka povu liwe jeupe kabisa, kwa kawaida mara 2 au 3. Nyuma ya masikio na kisogoni ndiko dawa inakojificha. Saluni isiyo na maji ya uhakika isifanye huduma hii hata kidogo. Ndoo na kopo havitoshi.

Kitu kimoja zaidi cha kufundisha wiki ya kwanza: dawa za haidroksaidi na dawa za thio (zile za kutengeneza mawimbi) hazikai kichwa kimoja. Nywele iliyopita moja, ukiweka nyingine, inakatika mkononi. Muulize mteja, kisha jaribu nywele chache za kisogoni kwanza.

#4 KichwaSalama

Naongeza upande unaodharauliwa, usafi wa vifaa. Hapa naomba tusione haya kusema ukweli: lile sanduku la taa ya bluu lililojaa saluni zetu halitakasi vifaa. Mwanga unafika upande unaouangalia tu; kwenye meno ya kitana na katikati ya visu vya mashine ya kunyolea haufiki. Ni kabati la kutunzia vifaa vilivyokwisha takaswa, basi.

Utaratibu sahihi una hatua mbili, na ya kwanza ndiyo inayorukwa. Ondoa nywele, osha kwa maji na sabuni kwa brashi, suuza. Uchafu ukibaki, dawa ya kuua vijidudu inaishia kupambana na uchafu. Ndipo uloweke. Ukitumia JIK yenye asilimia 3.5, changanya kipimo 1 cha JIK na vipimo 6 vya maji, upate asilimia 0.5. Loweka dakika 10, suuza, kausha. Changanya mpya kila siku kwa sababu klorini inapotea. Usiichanganye kamwe na siki, spiriti wala kitu chenye amonia. Hewa inayotoka inadhuru mapafu.

Kiwembe ni kimoja kwa mteja mmoja, kisha kinaingia kwenye kopo gumu lenye mfuniko. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi, kwa hiyo "kiwembe cha jana kimekauka" si hoja. Kila mwanafunzi apate chanjo ya homa ya ini B, dozi 3: ya kwanza, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Chuo kiiweke kwenye fomu ya kujiunga.

#5 FundiKinyozi

@KichwaSalama mkuu, JIK inakula mashine na mikasi. Vinyozi wengi wameiacha kwa sababu hiyo. Unashauri nini?

#6 KichwaSalama

Uko sahihi, inakula chuma hasa ikiachwa zaidi ya dakika 10 au isiposuuzwa. Kwa mashine ya kunyolea: zima, fungua kisu, piga brashi nywele zote, pangusa mafuta ya zamani, kisha spiriti ya asilimia 70, iache ikauke yenyewe. Spiriti ya asilimia 95 ni hafifu kwa kazi hii kwa sababu inakauka kabla haijaua. Maji yaliyomo kwenye ile ya 70 ndiyo yanayoisaidia kupenya. Halafu tone 2 au 3 za mafuta ya mashine, washa sekunde 10, futa. Kuwa na visu viwili, kimoja kinakauka kingine kinafanya kazi. Kisu kikitoa damu, spiriti haitoshi: kiondoe kazini, kioshwe na kiloweke kwenye JIK, hata kama kitapata kutu.

Mtoto mwenye mapunye asinyolewe kwa mashine ya wote, na mzazi aambiwe ampeleke kituo cha afya. Fangasi wa mapunye wako ndani ya shina la unywele, mafuta ya kupaka hayawafikii. Wanahitaji dawa ya kumeza.

#7 BintiKisiwani

Assalaam alaykum jamani. Mmezungumza nywele, nami nilete ya huku pwani: hina, piko na singo. Vyuo vingi vinavifundisha kama mapambo ya harusi tu, na hapo bi harusi anaumia.

Hina halisi ni majani. Unga uliochujwa unakorogwa na maji ya ndimu, sukari kidogo ili ishike ngozi, na mafuta ya mkaratusi au ya karafuu. Unauacha ulale saa 6 hadi 12 ndipo rangi iachie. Ukibandua baada ya saa kadhaa, ngozi ni ya rangi ya chungwa. Inakolea kuwa kahawia nyekundu ndani ya saa 24 hadi 48. Kwa hiyo hina ipakwe siku 2 kabla ya harusi. Asubuhi ya harusi umeshachelewa. Hina inayotoa weusi wa lami ndani ya saa moja si hina tupu.

Weusi huo ni piko, na piko ni rangi ya nywele. Ndani yake mna kemikali iitwayo PPD. Ulaya inaruhusu PPD kwenye nywele isizidi asilimia 2 ikiwa kichwani, na kwenye ngozi hairuhusiwi kabisa. Huku inakorogwa kwa jicho na kuchorwa mikononi mpaka kwenye kiwiko. Mtu anaweza kuchorwa mara tano salama, ya sita akatoka malengelenge yanayofuata mchoro wenyewe, ua kwa ua. Mwili ukishaikataa PPD, unaikataa maisha: hata rangi nyeusi ya nywele miaka kumi baadaye itamvimbisha uso. Mwanafunzi anayejua hilo atakuwa na ujasiri wa kumwambia mama wa bi harusi hapana.

Kwa rangi za nywele, jaribio ni saa 48 kabla: tone la rangi iliyochanganywa nyuma ya sikio au kwenye kunjo la mkono, liachwe. Likiwasha, rangi haipakwi.

Na mkorogo, ndugu zangu. Haidrokwinoni na zebaki vimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, na bado vinauzwa kwenye vikopo visivyo na maandishi. Kingine kinachokorogwa humo ni krimu kali za steroidi, kama za klobetasoli, zinazofanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi ya vitunguu na kuacha mishipa nje. Chuo kinachofundisha "kung'arisha" bila kusoma lebo kinawaingiza wanafunzi wake matatani. Wafundisheni singo: liwa, manjano, unga wa dengu, maji ya mawaridi. Ngozi inatakata, rangi yake inabaki.

#8 Rangi_Tatu

BintiKisiwani ameongea. Kwenye rangi nidokeze mambo machache tu. Peroksaidi, yale maji ya kuchanganyia rangi, ya volyumu 10 ni asilimia 3, ya 20 ni 6, ya 30 ni 9, ya 40 ni 12. Mvi zinafunikwa na 20. Ya 40 isiguse ngozi ya kichwa. Nywele zetu nyeusi zikipandishwa, yaani zikitolewa weusi, zinapita nyekundu, kisha chungwa, kisha njano. Anayeshangaa kuona chungwa hakufundishwa. Buluu inazima chungwa, zambarau inazima njano, kijani kinazima nyekundu. Pima kwa mizani kila kitu, andika kwenye kadi ya mteja: namba, gramu, dakika. Dawa na rangi ya kudumu visikutane ndani ya wiki 2. Blichi juu ya nywele za dawa, kataa.

#9 Mama_Hesabu

Nije kwenye fedha, maana hapa ndipo fundi mzuri anapofunga fremu. Bei za saluni nyingi zimeigwa kwa jirani, na jirani naye aliiga.

Tafuta gharama ya kiti kwa saa. Tuseme fremu 300,000 kwa mwezi, umeme 80,000, maji 20,000, usafi na mengineyo 40,000. Jumla 440,000. Viti 4, siku 26, saa 8 kwa siku, ni saa 832. Gawanya: shilingi 529 kwa saa. Lakini kiti hakijai siku nzima. Kikijaa nusu ya muda, gharama halisi ni kama 1,058. Rasta za bila fundo zinazochukua saa 5 zimeshakula 5,300 kabla ya malipo ya msusi na kabla ya nywele. Wasusi wawili kichwa kimoja? Muda unapungua, malipo yanagawanyika, kiti kinaachia mapema. Mara nyingi inalipa.

Kugawana asilimia nako kunaleta ugomvi usio wa lazima. Toa gharama ya bidhaa kwanza, ndipo mgawane. Huduma ya 25,000 yenye dawa ya 7,000: kinachogawanywa ni 18,000. Msusi wa asilimia 40 anapata 7,200. Ukigawa kutoka kwenye 25,000 anapata 10,000, na mwenye fremu anabaki na 8,000 anayolipia umeme, maji na kiti. Kubalianeni siku ya kwanza, kwa maandishi, na kopo la dawa lipimwe kwa gramu. Kopo la gramu 400 likitumika gramu 100 kwa ritachi, linatoa vichwa 4. Likitoa vichwa 3 kila mara, ama inapakwa nyingi mno ama inavuja.

#10 Kijana_wa_Mbeya

Wadau, mimi nataka chuo, si saluni. Naomba hatua za usajili kwa Tanzania Bara. Nimeambiwa nianze na wanafunzi wachache kimyakimya, usajili utafuata. Ni sawa?

#11 Mwalimu_Ufundi

Si sawa, mdogo wangu. Aliyekushauri hivyo anakutafutia hasara. Chuo kisichosajiliwa hakiwezi kumtahinisha mwanafunzi kwa tuzo za taifa, kwa hiyo unakusanya ada kwa cheti ambacho mwajiri atakirudisha. Mzazi akidai fedha zake una jibu gani?

Zamani usajili wa vyuo vya ufundi stadi ulikuwa VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Sasa usajili na ithibati viko NACTVET (baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi), na VETA imebaki na mafunzo yenyewe na vyuo vyake. Usichanganye milango hiyo miwili. Kabla ya kwenda huko, panga haya: jina au kampuni BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA, mkataba wa jengo wa muda mrefu (mkataba wa miezi 6 unaonyesha huna mizizi), choo cha kike na cha kiume, njia ya dharura na vizimia moto, na usajili wa mahali pa kazi OSHA. Halafu mtaala unaofuata umahiri, ngazi ya I hadi III za tuzo ya taifa ya ufundi stadi, orodha ya vifaa dhidi ya idadi ya wanafunzi, na walimu wenye sifa. Wakaguzi watakuja kuhesabu, kwa hiyo usiandike beseni 6 ukiwa na 2.

Mwalimu ndiye kikwazo kikubwa. Msusi hodari si lazima awe mwalimu. Anayejua kufanya haraka hujikuta anafanya mbele ya wanafunzi badala ya kuwaacha wakosee. Chuo cha ualimu wa ufundi stadi kipo Morogoro, chini ya VETA. Mpeleke msusi wako mmoja kabla hujafungua. Kama ni fundi wa mtaani asiye na cheti, VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa: anapimwa kwa vitendo, mapengo yake yanafundishwa, anapewa cheti.

Zanzibar milango ni mingine: Mamlaka ya Mafunzo ya Amali kwa chuo, BPRA kwa jina la biashara, ZFDA kwa vipodozi. Bara vipodozi viko TBS (shirika la viwango) tangu Julai 2019, pale TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ilipogeuka TMDA. Barua ya zamani ya TFDA ukutani haimwonyeshi mkaguzi kitu.

#12 UmemeSafi

Mwalimu amegusa vifaa, niseme umeme na maji kwa chuo cha wanafunzi 20, maana hapa ndipo mafundi wa jengo wanapodanganya.

Draya moja ya kukalia inakula karibu wati 1,500. Draya 5 kwa pamoja ni wati 7,500, sawa na ampea 32 hadi 33 kwenye volti 230. Soketi ya kawaida ni ampea 13, yaani wati 3,000 hivi kwa ukomo. Ukichomeka draya 2 kwenye ekstensheni moja umeshafika mwisho. Ongeza pasi ya nywele, plagi inaanza kunuka. Kila draya iwe na soketi yake ya ukutani, kwenye saketi mbili au tatu tofauti, na swichi ya kukata umeme unapovuja kwenye ubao mkuu, kwa sababu mikono ya humo ndani daima ina maji. Beseni na soketi visiwe ukuta mmoja.

Maji: bomba la beseni linatoa lita 6 hadi 8 kwa dakika. Kusuuza dawa dakika 5 ni lita 30 hadi 40, shampuu na kondishena zinaongeza nyingine kama hizo. Vichwa 15 kwa siku ni lita 900 hadi 1,200, bado usafi. Tangi la lita 2,000 lililoinuliwa angalau mita 3 juu ya beseni, ili msukumo upatikane hata umeme ukikatika. Mtego wa nywele chini ya kila beseni, usafishwe kila Ijumaa, la sivyo mwezi wa tatu bomba la nje limeziba.

#13 Kijana_wa_Mbeya

Nashukuru sana wakubwa zangu. Vichwa vya mazoezi vinatosha vingapi? Na ada niweke kiasi gani nisije nikafunga mwaka wa kwanza?

#14 Mama_Hesabu

Mwanangu, kichwa cha mazoezi kimoja kwa kila mwanafunzi, kiwe na nywele halisi za binadamu. Vya plastiki vinafaa kusukia na kujifunza kugawa mistari, lakini pasi inaviyeyusha na dawa haifanyi chochote juu yake. Kichwa cha nywele halisi kinavumilia dawa mara moja, kisha rangi, kisha kukatwa. Panga mtaala kwa mpangilio huo kisije kikaisha mwezi wa pili.

Ada tuipigie hesabu. Mfano: 600,000 kwa miezi 6. Fremu kubwa 400,000 kwa mwezi, ni 2,400,000. Walimu 2 wa 450,000, ni 5,400,000. NSSF (hifadhi ya jamii) upande wa mwajiri asilimia 10, ni 540,000. WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) asilimia 0.5, ni 27,000. Umeme na maji 150,000 kwa mwezi, ni 900,000. Hizo zinalipwa hata darasa likiwa na mtu mmoja: 9,267,000. Kila mwanafunzi anakula vifaa vya 120,000, kwa hiyo anakuachia 480,000. Gawanya: unahitaji wanafunzi 20 ili usipate hasara. Ukiwa na 16 umepoteza 1,587,000.

Na hao 20 wanakuachia 333,000 tu. Wawili wasipomaliza awamu ya mwisho ya 200,000 kila mmoja, umeingia hasara. Kwa hiyo ada isigawanywe awamu 3 sawa. Chukua nusu siku ya kuanza, robo mwisho wa mwezi wa pili, robo mwisho wa mwezi wa nne, kabla hawajakaribia mtihani.

Kinachookoa vyuo ni wateja wa mazoezi. Siku 3 kwa wiki, wateja 8 kwa siku, wiki 24, ni wateja 576. Kwa 5,000 kila mmoja ni 2,880,000. Bidhaa 2,000 kwa kila kichwa, ni 1,152,000. Inabaki 1,728,000, na mwanafunzi wako ameshika vichwa vya watu kweli.

Mtaji wa kuanzia: vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu wana mikopo isiyo na riba ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mgawo wa 4, 4 na 2. Kwa kawaida ni ya vikundi, kwa hiyo mkae na katiba na akaunti ya benki mapema.

#15 Sauti_ya_Mwanafunzi

Naomba nipinge hapo, kwa heshima zote mama. Hao wateja 576 ndio mwanya wa vyuo kugeuza wanafunzi kuwa wafanyakazi wa bure. Binti analipa ada, halafu miezi 4 anaosha vichwa na kufagia nywele, mwenye chuo anakusanya 5,000 zake. Anahitimu akijua kuosha.

#16 Mwalimu_Ufundi

Una haki dada, na dawa yake ni kitabu. Kila mwanafunzi awe na kitabu cha kazi chenye idadi kwa kila huduma: ritachi 15, rola seti 20, rangi 8, kushonea nywele za bandia 6, mistari 20, fesho (huduma ya uso) 10, kucha za jeli 10. Mwalimu anasaini baada ya kukagua, na mteja anaweka alama ya kuridhika. Mwanafunzi aliyekwisha osha vichwa 30 hapangiwi tena kuosha mpaka wenzake wafike. Ukutani kuwe na chati ya majina, kila mtu aone nani yuko wapi. Darasa la vitendo lisizidi wanafunzi 12 kwa mwalimu 1. Siku ya dawa, 6 kwa mwalimu 1, kwa sababu dakika za dawa haziwezi kusimamiwa kwa vichwa 12.

Mteja naye aambiwe mlangoni kwamba anahudumiwa na mwanafunzi, bei iwe chini kwa sababu hiyo, na haki ya kusema "inawasha" iheshimiwe papo hapo. Akisema inawasha, inasuuzwa. Hakuna "vumilia kidogo".

#17 Amina_Mombasa

Kwa ndugu wa Kenya: chuo kinasajiliwa na TVETA, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2013, na mkufunzi naye husajiliwa kwa jina lake. Fundi wa mtaani ana njia ya mtihani wa NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani), Grade III kwanza, kisha II, kisha I, unaopimwa kwa vitendo. Kibali cha biashara ni cha kaunti. Ukinunua bidhaa, angalia alama ya KEBS, shirika la viwango.

Kwenye jeli za kucha niongeze, maana wengi huja kwetu vidole vimevimba. Jeli ambayo haijakauka ikigusa ngozi mara kwa mara ndiyo inayoleta mzio. Acha milimita 1 kutoka kwenye ngozi, tabaka nyembamba, na taa inayolingana na jeli yake kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Tabaka nene hukauka juu, chini likabaki bichi.

#18 Nasra_Tanga

Na anayetaka kwenda kufanya kazi hii Marekani? Cheti cha hapa kinapokelewa?

#19 Texas_Mswahili

Dada Nasra, leseni ni ya jimbo, si ya nchi. Texas inataka saa 1,000 za mafunzo kwa leseni ya urembo, pamoja na mitihani ya nadharia na vitendo. Kusuka nywele bila kemikali hapo Texas hakuhitaji leseni tangu 2015, ndiyo maana kina mama wengi wanaozungumza Kiswahili waliotoka Kongo huanzia kwenye kusuka huku wakisoma. Majimbo mengine yana masharti yao, hivyo uliza kabla hujahama. Chuo cha nyumbani kikikupa karatasi yenye idadi ya saa kwa kila somo, si cheti chenye muhuri tu, unakuwa na kitu cha kuwapa wakupime. Waambieni wenye vyuo waandike saa.

#20 FundiKinyozi

Swali la mwisho kwa wakuu. Rasta zinazovuta mpaka nywele za mbele zinaisha: mwanafunzi atajuaje amebana mno akiwa bado kazini?

#21 MkasiNaKitana

Dalili zipo palepale, mkuu. Ngozi ikinyanyuka kama kihema kwenye mzizi wa rasta, imebanwa. Vipele vyeupe kwenye mstari wa paji kesho yake, imebanwa. Mteja akishindwa kuinua nyusi au akihitaji panadoli alale, imebanwa, na inafumuliwa hiyo hiyo ya mbele bila kumtoza.

Vipimo vya kufundisha: ukubwa wa fungu la nywele ulingane na uzito wa rasta, rasta nene haiwekwi kwenye fungu jembamba. Mstari wa kwanza wa mbele uache nywele laini nje, upana wa kidole kimoja. Anza kuongeza nywele za bandia sentimita 1 hadi 2 kutoka kwenye ngozi, kidogo kidogo. Urefu ukivuka kiuno, punguza unene. Zisikae zaidi ya wiki 6 hadi 8, na kati ya msuko na msuko kichwa kipumzike wiki 2. Ukiona sehemu za pembeni zinang'aa na hakuna matundu ya nywele, hapo hazitaota tena. Mpeleke kwa daktari wa ngozi, na mtindo wa twende kilioni uachwe kwa mteja huyo. Sehemu ambazo bado zina vinyweleo vifupi zinaweza kurudi ndani ya miezi kadhaa, mradi hakuna anayezivuta.